Kwa nini gemu hukwama usiku ilhali kifurushi kinatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Nyegezi, Mwanza, katika nyumba ambayo wapangaji wanne pamoja na familia ya mwenye nyumba tunatumia intaneti moja ya faiba, kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, na kila mwezi tunachangia malipo. Mchana nacheza gemu ya mpira mtandaoni bila shida. Ikifika saa mbili usiku wachezaji wanaganda, nabonyeza pasi na mpira unatoka baada ya kitambo, na wakati mwingine natolewa mchezoni kabisa. Nikipima kasi ya kupakua, bado naona 15 au zaidi. Wenzangu wanataka tuongeze fedha tuchukue kifurushi kikubwa. Je, kitasaidia?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Ndugu msomaji, fedha hiyo msiitoe kwanza. Gemu ya mpira mtandaoni hutumia data kidogo mno, kwa kawaida chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Inachohitaji ni vipande vidogo vya taarifa kwenda kwenye seva (kompyuta kuu inayoendesha gemu) na kurudi upesi, kila mara kwa muda uleule. Muda huo ndio wachezaji huuita pingi, nao hupimwa kwa milisekunde. Kasi ya kupakua uliyoipima haikuambii lolote kuuhusu.

Ninashuku upande ambao wengi hawautazami, yaani upakiaji (kutuma data kutoka nyumbani kwenda mtandaoni), ambao katika nyumba nyingi kasi yake ni ndogo kuliko ya kupakua. Jioni watu wakirudi kutoka kazini na chuoni, simu zao zikishika waifai huanza zenyewe kuhifadhi mtandaoni picha na video za siku nzima. Ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, haitupi mara moja kinachozidi uwezo wa njia, bali hukipanga foleni. Tuseme kasi yenu ya kupakia ni megabiti 5 kwa sekunde na foleni imefikia kilobaiti 500, ambazo ni megabiti 4: amri yako ya kupiga pasi, ingawa ni ndogo sana, itasubiri milisekunde 800 kabla ya kutoka nyumbani. Waliovuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko, kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, wanaijua hali hiyo, kwa kuwa gari dogo lenye abiria mmoja lilingoja nyuma ya malori yaliyolitangulia.

Thibitisha mwenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8 (namba hiyo ni anwani ya seva ya Google), na utazame namba za milisekunde wakati nyumba imetulia. Kisha mwombe mwenzako apakie video ndefu kutoka kwenye simu yake. Namba zikiruka kutoka 40 hadi 400, tatizo ni foleni.

Dawa yake iko ndani ya ruta, katika sehemu inayoitwa QoS, yaani mipangilio ya kugawa zamu za data, na kwa kuwa ruta ni ya mwenye nyumba, itawabidi mmwombe ruhusa na nywila yake. Wekeni kikomo cha upakiaji kiwe asilimia 85 hadi 90 ya kasi mliyoipima: mkipata 5, andikeni 4.5. Mtapoteza kasi kidogo, lakini foleni itajengeka kwenye ruta mnayoiongoza ninyi, si kwenye kifaa cha kampuni. Ruta inayotumia OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta), yenye mpangilio wa SQM wa kudhibiti foleni, hufanya kazi hii vizuri kuliko zote nizijuazo, kwa sababu hugawa zamu kwa usawa badala ya kumpendelea mmoja. Sikushauri ukipe kipaumbele kifaa chako peke yake katika intaneti ambayo wengine wameilipia. Ruta isipokuwa na uwezo huo, kubalianeni kwamba simu zihifadhi picha baada ya saa sita usiku.

Namba zikitulia na gemu bado inakwama, chunguza waifai. Waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e, unaofaa hadi mita 100, hushinda mpangilio wowote wa waifai, nami ningeanza nao hata kama itabidi upitishwe kando ya ukuta hadi chumbani kwako. Ikishindikana, tumia masafa ya waifai ya gigahezi 5 ukiwa karibu na ruta. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ila huingiliana na ruta za majirani, hivyo chagueni chaneli 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo.

Kitakachobaki ni umbali. Ndani ya faiba mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Johannesburg iko zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Mwanza kwa mstari ulionyooka, na njia halisi ya kebo ni ndefu zaidi. Ulaya Magharibi ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Gemu yako ikiruhusu kuchagua seva, jaribu ya Afrika Kusini kwanza. Na ikiwa pingi inapanda kila usiku hata pale kompyuta yako, iliyounganishwa kwa waya, ndiyo pekee inayotumia ruta, andika namba hizo pamoja na saa zake, uzipeleke kwa kampuni inayowauzia huduma, maana hapo marekebisho ni jukumu lao.