Hilux ya marehemu baba inagonga Kitonga

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya petroli ya mwaka 1981, injini 18R, niliyoachiwa na marehemu baba. Nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa mjini. Tangu Machi, nikiuanza mlima Kitonga na mzigo, injini inalia kama misumari inayotikiswa kwenye kopo. Muuza spea anasema magari ya zamani yanataka oktani kubwa, ananiuzia chupa ya dawa ya kuongeza oktani kwa shilingi 25,000 kila nikijaza tanki. Binamu yangu aliyeko Texas anasema pikapu kama hii kwao inatiwa petroli ya oktani 87, na kituoni kwetu wameandika 95. Nani ananidanganya? – Msomaji, Ilula.

JIBU: Marahaba mwanangu. Binamu hajakudanganya, ila namba zao na zetu hazipimwi kwa rula moja. Oktani ina vipimo viwili: RON, injini ikiwa kwenye kazi nyepesi, na MON, ikiwa kwenye kazi ngumu. Wamarekani wanaandika kwenye pampu wastani wa vyote viwili. Sisi tunaandika RON peke yake, ambayo ndiyo kubwa. Ile 87 ya Texas ukiipima kwa rula yetu ni kama 91 au 92. Huko Japani gari lilikotoka, petroli ya kawaida inaanzia RON 89. Kwa hiyo hiyo 95 ya kituoni, kama ni 95 kweli, inakutosha na chenji inabaki.

Watu wanadhani oktani ni nguvu. Oktani ni uvumilivu tu: petroli inabanwa ndani ya silinda, inapata joto, na haijilipukii yenyewe. Ikijilipukia, ndiko huko kugonga unakokusikia. 18R inabana takriban 8.5 kwa 1, yaani inaminya hewa na petroli hadi nafasi ndogo mara 8.5. Bodaboda nyingi zinabana zaidi ya hapo na zinakunywa petroli hiyohiyo.

Sasa jiulize: baba yako alipanda Kitonga miaka mingapi bila chupa? Kugonga kumeanza Machi, basi kuna kitu kimebadilika. Mimi ningeanza na distibuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi. Kuna mtu aliigusa mwezi huo, alipokuwekea platini (swichi ndogo ya cheche iliyo ndani yake) labda? Taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, ikiwa mbele mno, cheche inawahi, moto unakutana na pistoni ikiwa bado inapanda. Distibuta za Toyota za umri huo nyingi zina kinobu kidogo pembeni chenye alama A na R. A ni kuwahisha, R ni kuchelewesha. Kitazame, mara nyingi fundi mgeni hukizungusha bila kujua ni cha nini. Kisha taimingi ipimwe kwa taa, isipimwe kwa sikio.

Nalisema hili kwa uchungu. Rafuni kwangu kuna pistoni ya 18R, ukingo wake umelika kama muhogo ulioingiwa na mchwa, halafu tobo linalopitisha kidole. Ni ya mteja wangu. Niliweka taimingi kwa sikio nikiwa kijana, gari likatoka gereji likiruka kama swala, yeye akafurahi, mimi nikafurahi zaidi. Hata mwezi haukuisha. Injini niliifungua kwa pesa yangu.

Distibuta ikiwa sawa, angalia joto. Mbuyuni kwenyewe ni tanuri, na rejeta iliyoziba nusu huioni tambarare, inakuumbua mlimani. Masizi yaliyojaa juu ya pistoni nayo yanagongesha.

Halafu mafuta yenyewe. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na ndiyo wachakachuaji waliyapenda hadi vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta halali, vikaletwa mwaka 2010. Dondosha petroli yako kwenye karatasi nyeupe, acha ikauke. Ikiacha doa la mafuta, badilisha kituo kabla hujabadilisha kitu kingine.

Muuza spea akikuambia injini ya zamani inalilia petroli yenye risasi, mjibu kwamba risasi iliondoka kwenye pampu zetu tangu kuingia 2006, na hiyo Hilux imeendelea kubeba vitunguu. Cha kufuatilia ni tapeti za egzosi, yaani ule mwanya mdogo wa valvu za kutolea moshi: ukiziseti zikawa zinajibana tena na tena, viti vya valvu vinazama, na hiyo ni kazi ya silinda hedi. Chupa haitaziinua.

Mpaka ufike kwa fundi, usipande Kitonga kwa gia namba tatu huku umekanyaga mafuta hadi chini. Ikianza tu kugonga, shuka namba mbili, legeza mguu, malori yakupite. Na hukuniandikia unapakia magunia mangapi. Ukinijibu, nitajie na hilo.