Kliniki ya viti viwili: programu ya mtandaoni au ya kwenye kompyuta?

Swali: Nina kliniki ya meno Mwanza, viti viwili, na bado tunatumia kadi na daftari la miadi. Nimeletewa programu mbili: moja ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, nyingine inawekwa kwenye kompyuta ya mapokezi. Nichukue ipi?

Jibu: Pole na kazi, Daktari. Kabla ya hapo, mwambie kila muuzaji aandike mbele yako kwamba jino namba 18 limeng'olewa. Kwa namba za FDI unazotumia (mfumo wa kimataifa wa kutaja meno kwa tarakimu mbili), 18 ni gego la mwisho, juu kulia. Programu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huhesabu meno mfululizo, 1 hadi 32, na 18 yao ni gego la pili, chini kushoto. Nyingine, kama Open Dental, zinakuruhusu kuchagua mfumo wa namba. Ukishachagua, chapisha ankara na barua ya rufaa uone kama namba zimebadilika huko pia, kisha jaribu mtoto mwenye meno ya maziwa, 51 hadi 85. Programu ikikosea hapa iache, hata kama ni ya bure, maana anayepokea rufaa ataling'oa jino lililoandikwa.

Halafu akutolee faili zima la mgonjwa wa mfano palepale: matibabu, deni, na picha za eksirei zikiwa na jina na tarehe. Akisema "ukitaka kuhama tutakusaidia", usisaini.

Zote zikifaulu, mimi ningechukua ya kwenye kompyuta. Intaneti ikikatika mgonjwa akiwa kitini, chati bado inafunguka. Lakini lazima awepo mtu wa kutoa nakala kila jioni kwenye diski yenye nywila, na diski hiyo isilale kliniki. Kama huna mtu huyo, chukua ya mtandaoni, ila uliza seva iko nchi gani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi.

Kuhusu NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), usitegemee maelezo ya muuzaji. Omba namba ya simu ya kliniki inayoitumia programu hiyo tayari, uongee na wa mapokezi, si mwenye kliniki. Muulize kama madai ya bima anayaandika mara moja, au anayarudia upya kwenye mfumo wa Mfuko.