Miezi saba nyumbani: nilivyoharibu kwa wa kwanza na nilivyofanya kwa wa pili

Kamwene, mama wa Ipogolo. Nimesoma mada yako tangu jana usiku pamoja na majibu ya wenzetu. Umesema binti kamaliza kidato cha nne Novemba, yuko nyumbani mpaka Julai, majirani wote wamewapeleka wao Dar kwenye tuisheni ya kidato cha tano, baba yake anataka aende shamba, na kaka yake anamaliza cha sita Mei. Unauliza wenzako tunafanyaje.

Mimi nauza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya, nina watoto watatu, na wawili wameshapita hapo ulipo. Kifungua mimba nilimharibia likizo kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo naanza na yeye.

Alipomaliza kidato cha nne nilikuwa na hofu hiyo hiyo ya kwako. Kijana ana miaka 17, mimi natoka nyumbani alfajiri narudi jua limezama, na vijiwe vya bodaboda unavijua. Nikamlipia tuisheni ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, kuanzia Desemba, matokeo hata hayajatoka. Jumatatu mpaka Jumamosi, asubuhi mpaka jioni. Nilijisifu sana kwa wenzangu sokoni. Januari matokeo yakaja: Fizikia D. Kemia, Baiolojia na Jiografia alikuwa vizuri, lakini kwa ile D ya Fizikia PCM hakuipata. Akapangiwa CBG, yaani hayo matatu mengine. Ile hela ya tuisheni ilikuwa bei ya magunia mawili ya mchele, na mwalimu hakuwa na sababu ya kuirudisha, maana Fizikia alifundisha kweli. Mtoto akakaa nyumbani amenuna mpaka Julai, hataki kuona daftari.

Kwa hiyo kwanza kabisa, usilipe tuisheni ya tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano, kabla hujaona matokeo. Na matokeo yakitoka, usikae tu kusubiri wapangwe. TAMISEMI, wizara inayowapangia shule, huwa wanafungua mfumo kwa muda ili wanafunzi wabadilishe chaguo walizojaza wakiwa shuleni. Sisi kwa wa kwanza hatukujua, tulikuja kusikia dirisha likiwa limefungwa. Tena mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65. Sisi tuliozoea zile za zamani kama PCB na HGL tukijifanya tunajua kushauri, tunawapoteza. Kaa na binti mpitie orodha yote, hata ikichukua jioni tatu. Tuisheni, kama lazima, mwezi mmoja kabla ya kuripoti unatosha kumwamsha. Walioenda Dar miezi sita nimewaona wakifika kidato cha tano wamechoka kabla ya kuanza.

Sasa wa pili, binti. Huyu tangu darasa la tano alikuwa akisema udaktari, na mtaa mzima wanamwita daktari. Mimi nilishachoka na maneno, nikasema aende akauone. Shangazi yake ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji upande wa Rungwe. Tukamwomba mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akakubali akae mapokezi, afagie, apange mafaili, basi. Wiki ya pili akaletwa kijana wa bodaboda mguu umefunguka. Shangazi anasema walipomaliza kumshughulikia majeruhi wakamtafuta daktari wetu, wakamkuta nje chini ya mti, kichwa katikati ya magoti, jasho linamtoka na baridi yote ile. Jioni akanipigia: "Mama, mimi na damu hatuwezi."

Nilicheka, halafu nikashukuru. Wenzake wengine wanakuja kuligundua hilo chuoni, mwaka wa kwanza, mkopo umeshaanza kuhesabiwa.

Hakurudi mjini. Akaenda kwa mjomba wake Isyonje kwenye viazi. Hapa ndipo nataka baba wa binti yako asome vizuri, maana nakubaliana naye nusu. Mjomba hakumchukua kama kibarua. Alimkatia robo ekari, akamwambia mbegu, mbolea na dawa ya ukungu ni deni, utanilipa ukivuna. Akampa daftari. Kila mfuko ulioingia shambani uliandikwa, kila siku ya kibarua iliandikwa, hata nauli ya kwenda kununua dawa. Mwezi wa pili mvua zilizidi, ukungu ukaingia, ikabidi anyunyizie mara nyingi kuliko walivyopanga, na kila mara deni linapanda. Alikuwa ananipigia usiku akihesabu kama mzee wa vikoba.

Wakati wa kuvuna ndiyo akakutana na dalali. Mnajua wenyewe lumbesa: gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa kama mjamzito, na bei ni ya gunia moja. Binti akauliza kwa nini asipimiwe kwa kilo wakati mizani ipo. Dalali akamwambia binti wa shule usinifundishe kazi, gari linaondoka saa kumi, unauza huuzi. Akauza. Angefanyaje na viazi vimeshatolewa ardhini? Baada ya kulipa deni alibakiwa na hela ya godoro na sanduku la bati, na zikabaki kidogo. Lakini alirudi na swali moja alilolibeba miezi mizima: huyu dalali bei anaipata wapi? Akabadilisha chaguo, kutoka PCB ya udaktari kwenda EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Sasa hivi yuko Mzumbe anasoma uchumi. Sisemi ni viazi vilivyompeleka huko, hesabu alikuwa anaziweza toka zamani. Ila tahasusi alichagua mwenyewe na sababu anayo, kaka yake nilimchagulia mimi.

Kwa hiyo shamba, ndiyo. Lakini mtoto anayelima miezi sita bila kuambiwa mbolea imenunuliwa shilingi ngapi na mauzo yamekwenda wapi, huyo ni kibarua asiyelipwa, na anachojifunza ni kulichukia shamba. Na jambo lingine nisilifiche kwa kuwa ni binti: ijue nyumba anayokwenda. Nani analala wapi, nani anaingia na kutoka. Mimi nilikaa siku tatu Isyonje kabla ya kumwacha, na kuna ndugu mwingine aliyejitolea kumpokea nikamkatalia, akanuna mwaka mzima. Acha anune.

Kozi ya komputa aliyoitaja mchangiaji wa pale juu ni nzuri kama komputa zipo za kutosha. Nenda uzihesabu kwanza. Mahali nilipomlipia wa kwanza walikuwa wanakaa sita kwa moja, mmoja anashika, watano wanaangalia.

Nije kwa huyo wa kidato cha sita, maana hapo ndipo wazazi tunalizwa na makaratasi.

Wangu wa kwanza alizaliwa kijijini, cheti cha kuzaliwa tulikichukua baadaye na baba yake akaandikisha jina la babu. Shuleni aliandikishwa kwa jina la ukoo, na hilo ndilo likaenda mpaka cheti cha kidato cha nne. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Sasa Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na majina yasipofanana na ya vyeti vya shule, unaanza safari. Kwa wakili kuapa, kurudi ofisi ya wilaya, kusubiri, kuambiwa mtandao uko chini. Haya yote yakitokea Aprili ni usumbufu. Yakitokea Agosti, dirisha la mkopo linakaribia kufungwa, ni ugonjwa wa moyo. Kama kuna mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa hivyo hivyo, usisubiri ukumbushwe.

Fomu ya mkopo ina mdhamini, ina mahali pa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ina mahali pa kamishna wa viapo, na ina sahihi ya mwombaji mwenyewe. Na mwombaji mwenyewe yuko wapi? Vijana wengi wa cha sita huitwa JKT, kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, mara tu baada ya mtihani, na huko ndiko wanakokuwa wakati dirisha la mkopo limefunguliwa, matokeo yakitoka Julai, na vyuo vikianza kupokea maombi. Wa kwangu alikuwa Mafinga, simu kuipata ni kwa bahati. Nikafunga genge, nikapanda basi na fomu ndani ya bahasha ya kaki kutafuta sahihi moja. Kama wako atapangiwa Kigoma je? Kila kitu kinachoweza kuandaliwa kabla hajaondoka kiandaliwe: picha, namba ya mtihani ya kidato cha nne, namba ya uhakiki ya RITA, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) kama ameshatimiza miaka 18, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, na ile 30,000 ya maombi ya mkopo iwe imetengwa pembeni.

Halafu maombi ya chuo. Siku hizi unaomba kwenye chuo chenyewe kwa mtandao, TCU, tume ya vyuo vikuu, wao wanasimamia madirisha. Kiwango cha chini kwa digrii ni prinsipo mbili (ufaulu kamili wa masomo mawili ya kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, na D moja ni pointi 2, kwa hiyo D mbili zinakufikisha mlangoni. Kozi zenye foleni hazikuingizi kwa hizo. Mpange kozi kwa pointi alizonazo, si kwa pointi mlizoziota.

Sisi tulimwombea kwenye stesheneri moja hapa mjini. Kijana wa pale ana haraka, watu wamejaa, akaulizwa na mfumo barua pepe na namba ya simu, akaweka za kwake ili kazi iende. Mimi sikujua, nikalipa nikaondoka nimefurahi. Mtoto akachaguliwa vyuo viwili. Aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe. Namba ikaenda kwa kijana wa stesheneri, ambaye wakati huo alikuwa ameacha kazi kaenda Tunduma. Siku nne namtafuta! Nilimpata kupitia mama anayempikia chakula, na namba tulithibitisha siku ya mwisho, mchana.

Kwa hiyo huyo wa kwako, kabla ya Mei awe na laini iliyosajiliwa vizuri, barua pepe yake mwenyewe, na nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa kabatini kwako. Akienda kambini laini ibaki na wewe. Ukienda stesheneri simama nyuma ya anayejaza, soma kila mstari kabla hajabonyeza, hata akikukunjia uso.

Na cheti cha binti kiangalie wiki hii hii, usingoje afike cha sita. Kama hana, chukua kadi ya kliniki, cha ubatizo kama kipo na cha darasa la saba, uende ofisi ya mkuu wa wilaya uulizie dawati la RITA. Nenda Jumanne au Jumatano, Jumatatu foleni inazunguka jengo.

Mambo ya godoro, ndoo, fyekeo na rimu za karatasi tutaongea fomu ya kujiunga ikitoka. Ada ya kidato cha tano ilifutwa, lakini subiri uione hiyo orodha.