Vidole vinavimba, jina la ugonjwa halijulikani

Pole sana, dada yangu wa Ngamiani. Umeuliza kama uache prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, maana daktari mmoja kasema baridi yabisi, mwingine anahisi lupasi, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na kipimo cha damu hakikuonyesha kitu.

Usiiache ghafla, nakuomba. Mwili uliozoea dawa ile hupunguziwa kidogo kidogo, tena kwa maelekezo ya daktari. Na kipimo kutoonyesha kitu hakumaanishi huumwi. Wapo wenye baridi yabisi kabisa ambao damu yao haionyeshi. Wanaokwambia unadeka wasikuvunje moyo.

Nunua daftari. Kila asubuhi andika umeamka saa ngapi na vidole vimelegea saa ngapi, hadi ukaweza kukamua tui au kufunga kifungo. Vikivimba, vipige picha hapo hapo kwa simu, kwani ukifika kliniki mchana vimeshanywea. Kukakamaa kwa vidole asubuhi kunakozidi saa nzima humwambia daktari mengi. Mweleze pia kama ulianza na homa kali, maana chikungunya, homa iletwayo na mbu, nayo huacha maumivu ya viungo kwa miezi.

Diklofenaki, vidonge vya maumivu, za kujinunulia punguza, zinaumiza tumbo na figo. Pale hospitali ya Bombo, omba rufaa kwa bingwa wa viungo.