Muulize Fundi wa Saa: Rolex ya jambia, ninunue?

SWALI: Ami, assalamu alaikum. Kuna bwana hapa Mutrah ananiuzia Rolex Datejust ya chuma, modeli namba 1601, yenye alama ya jambia la Oman kwenye uso. Anasema marehemu babake alikuwa jeshini, na alipewa na Sultani Qaboos mwenyewe Julai 1970, alipokaa kitini. Anataka riali 4,000. Inatembea vizuri, na usiku inang'aa kama mpya! Nataka kuanza kukusanya saa za zamani. Hii inafaa? Picha nimekutumia.
*Kijana wa Maskati*

JIBU: Wa alaikumu salaam, mwanangu. Hicho kinachokufurahisha usiku ndicho kilichonitia wasiwasi mimi.

Saa za miaka hiyo zilitiwa tritiamu kwenye akrabu na alama za uso ili zionekane gizani. Tritiamu hufifia: kila baada ya miaka 12 na kitu nguvu yake hubaki nusu. Iliyotiwa wakati wa vita vya Dhofar, kusini mwa Oman, miaka ya 60 na 70, leo haimulikii hata mende. Sasa tazama chini kabisa ya uso, pale kwenye namba 6. Saa yenye tritiamu huandikwa T SWISS T. Yako imeandikwa SWISS peke yake, na bado inawaka. Rolex waliacha tritiamu mwishoni mwa miaka ya 90, na nyuso zilizofuata mara tu baada ya hapo ndizo zilizoandikwa hivyo. Maana yake uso huo ulibadilishwa, na ni mdogo kuliko saa yenyewe kwa miaka 20 na zaidi. Basi jambia lililo juu yake nani kalichora?

Halafu kuna namba. Ahsante kwa kuvua mkanda kabla ya kupiga picha, wengi hawafanyi. Kwenye kasha, pale mkanda unaposhikia upande wa namba 12, inasomeka 1601, sawa. Upande wa namba 6 ile namba ndefu, ambayo kila saa ina yake, inaanza na 38, yaani milioni tatu na laki nane na ushei, na hizo ni za katikati ya miaka ya 70. Mzee wa watu hakuweza kupewa Julai 1970 saa ambayo Waswisi walikuwa bado hawajaitengeneza.

Sisemi saa za Sultani hazipo. Zipo, na ni tamu. Qaboos aliwatunuku maofisa, marubani, madaktari na wahandisi, wakiwamo Waingereza waliopigana Dhofar hadi vita vilipotangazwa kwisha Desemba 1975. Nyingi ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London, na nyingine zina jina la duka hilo kwenye mfuniko wa nyuma. Na sisi Wazanzibari tuliorudi Oman baada ya 1970 tuliingia maofisini na jeshini kwa wingi, kwa hivyo hadithi ya "marehemu mzee alipewa" inaweza kuwa kweli katika nyumba yoyote hapa mjini. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Ushahidi ni barua, boksi lake, au picha ya zamani mzee akiwa ameivaa. Maneno ya mtoto wake si ushahidi, hata akiapa.

Na usione unyonge kuuliza. Novemba 2021 pale Geneva, mnada wa Phillips uliuza Omega Speedmaster moja kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega wenyewe wakasema ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Hao walionunua walikuwa na wataalamu.

Mazuri yapo. Zile pembe nne zinazoshika mkanda bado nene, kona zake zina makali, haijasuguliwa sana. Mashine imeandikwa namba 1570, ndiyo yenyewe ya modeli hii. Lakini 1601 zilitengenezwa kwa wingi mno. Ni saa ya kuvaa, si ya kufungia kabatini ukingoja ipande bei. Litoe jambia kwenye hesabu, umlipe bei ya 1601 ya kawaida iliyobadilishwa uso, ambayo iko mbali sana na riali 4,000. Akimtaja tena Sultani, muage.

Ila kabla hujamuaga, muulize uso wa asili uko wapi. Mafundi wengine humrudishia mwenyewe vipande vya zamani kwenye kifuko, navyo hulala kwenye mtoto wa meza miaka na miaka. Ukitokea wenye T SWISS T na jambia, niandikie siku hiyo hiyo, na usimwambie mtu.

SWALI: Baba ametuachia Omega Constellation ya dhahabu. Uso una madoa ya kahawia. Fundi anasema ataupaka rangi uwe mpya. Nimruhusu?
*Binti wa Mombasa*

JIBU: Hapana, mwanangu. Mashine aisafishe na aitie mafuta. Uso asiuguse, wala asilisugue kasha. Wakusanyaji wanalipia madoa hayo kuliko rangi mpya. Ukiipata mikononi, igeuze: nyuma pana picha ya jengo la kutazamia nyota, na nyota nane juu yake. Ipitishie kidole. Kama nyota bado zinakwaruza, yaani hazijasuguliwa, una saa nzuri.