Kabla ya Kununua Miche ya Mgunga, Kagua Visiki

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina ekari tatu pembezoni mwa Kongwa, mkoani Dodoma, ambazo zimeachwa bila kulimwa kwa sababu udongo umechoka. Ningependa kupanda mti wa asili unaostahimili ukame, utakaotoa maua kwa ajili ya nyuki wangu na chakula kwa ndege na wanyama wa porini. Nimefikiria mgunga, lakini jirani yangu alipanda miche yake wakati wa mvua na kufikia Julai yote ilikuwa imekauka. Ndugu yangu aliyeko Kenya ananishauri nipande mathenge, kwa kuwa haufi kirahisi. Naomba mwongozo. – Msomaji wa Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mathenge ili tumalizane nao mapema. Ni kweli kwamba haufi kirahisi, na hilo ndilo tatizo lake. Mti huo, ambao asili yake ni bara la Amerika, ulipelekwa Baringo, nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ukatapakaa hadi kufunga malisho na njia za maji, na mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza rasmi kuwa gugu haribifu. Usiulete Kongwa.

Mgunga ni chaguo zuri. Kwa kuwa jina hilo hutumika kwa miti kadhaa, ninaoukusudia ni ule wenye kilele bapa kama mwavuli, ambao kwenye tawi moja utaona miiba mirefu myeupe iliyonyooka pamoja na mifupi iliyopinda, na ambao maganda yake hujisokota yanapokomaa. Wauzaji wa mbegu bado huuandika Acacia tortilis, ingawa jina la kitaalamu linalotumika sasa ni Vachellia tortilis. Ni mti ule ule. Maua yake ni vishada vidogo vya mviringo, vyeupe kuelekea rangi ya maziwa, na nyuki huvifuata sana. Maganda hudondoka wakati wa kiangazi, majani mengine yanapokuwa yamekwisha, na ndiyo maana swala, nyani, tembo na mbuzi wako wote huyagombania. Mvua za Dodoma, ambazo kwa wastani ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka na hunyesha katika msimu mmoja, zinautosha na kubaki, kwani mti huu huishi hata kwenye nchi zinazopata chini ya nusu ya kiasi hicho.

Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya miche, naomba utembee polepole katika ekari zako zote tatu ukitazama chini. Shamba lililoachwa katika eneo kama lenu mara nyingi lina visiki vya migunga iliyokatwa zamani, ambavyo kila mwaka huchipua na kila mwaka hukatwa au kuliwa, hivi kwamba mwenye shamba huviona kuwa ni vichaka tu. Kisiki hicho kina mizizi iliyokwishafika kwenye unyevu wa chini, jambo ambalo mche wa kiriba, yaani ulioteshwa kwenye mfuko wa plastiki, utahitaji miaka kulifikia. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, ondoa mengine yote kwa panga kali, pogoa matawi ya chini ya yale uliyoyaacha bila kupita nusu ya urefu wake, kisha funga kitambaa cha rangi ili wachungaji wajue kuwa mti huo una mwenyewe. Njia hii, ambayo mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliieneza nchini Niger kuanzia mwaka 1983, wakulima wengi wa mkoa wako wanaifahamu kwa jina la Kisiki Hai, na sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Pale ambapo hakuna kisiki, panda mbegu. Kusanya maganda makavu, toa mbegu, na utupe kila iliyo na tundu dogo la mviringo, kwa maana mdudu amekwisha kula kilichomo. Mbegu nzima ina ganda gumu lisilopitisha maji. Zimwagie maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni na uziache humo usiku kucha, kisha uzioteshe zile zilizovimba. Njia nyepesi zaidi ni kuokota mbegu zilizopita kwenye tumbo la mbuzi. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, imeonekana kuwa miche ya mgunga huota kwa wingi kwenye mahame ya maboma ya mifugo, ambako mbegu hukuta samadi imezisubiri.

Kuhusu miche ya jirani yako, nina dhana mbili. Mzizi mkuu wa mgunga hukimbilia chini haraka sana, na ukiwekwa kwenye kiriba kifupi hujikunja na kubaki umejikunja hata baada ya kupandwa. Tumia viriba virefu, na usiikawize miche kitaluni. Dhana ya pili ni kuchelewa: panda mara mvua za kwanza za Desemba zinaposhika, katika shimo lililozungukwa upande wa mteremko na tuta la nusu duara, ili maji yasimame hapo. Usipande chini ya mti mkubwa, kwa sababu mche wa mgunga hutaka jua.

Kisha uzungushie miiba, tena kwa zaidi ya msimu mmoja. Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, watafiti walibaini kuwa miche ya migunga ilipata nafasi ya kukua baada ya ugonjwa wa kimeta kuua swala pala wengi wanaoila, kama ilivyotokea mwaka 1984. Mbuzi wa kijiji kizima hawana huruma kuliko swala.

SWALI: Sisi tunaopakana na hifadhi, je, migunga haitatuletea tembo? – Msomaji wa Babati

JIBU: Inaweza, wakati wa maganda. Ipande mbali na nyumba na maghala, na uyaokote maganda kila siku uwahifadhie mbuzi. Mizinga ya nyuki nayo husaidia: utafiti wa Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton uliofanyika Laikipia, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa tembo huepuka kuharibu miti iliyotundikwa mizinga, hasa yenye nyuki ndani.