Kwa nini sihamii Dar

Lushoto, Jumapili jioni

Mwanangu,

Huku hatujambo, kikohozi cha baba yako kimeisha. Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, umeshastaafu, unang'ang'ania nini huko milimani wakati hospitali kubwa zote ziko huku?" Salio likakata kabla sijajibu.

Unakumbuka nilipokuja kwenu mwezi wa tatu, ukanipeleka hospitali? Lifti mbovu, tukapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Nikapimwa presha huku bado nahema: 168 kwa 98. Daktari, kijana mpole aliyezidiwa na foleni, akaniongezea dawa ya pili. Siku ya nne baada ya kurudi, niliamka dunia ikazunguka, nikajikuta sakafuni kando ya ndoo. Hilo sikukwambia.

Jumanne ni kliniki ya presha na sukari kwenye kituo chetu cha afya. Sista wa pale hanipimi nikiingia tu. Ananikalisha dakika tano, mgongo nimeegemea, nyayo chini, na ole wangu nianze kupiga soga. Siku ile alifungua daftari langu, akapitisha kidole: 132, 136, 130, miezi minane nyuma. "Mwalimu, hii 168 imetoka wapi?" Akanipima nimelala, akanisimamisha, akanipima tena, presha ikawa imeporomoka. Akamwita tabibu, wakaiondoa ile dawa mpya. Hapo hapakuwa na mashine ya ajabu, mwanangu. Ni daftari la shilingi 500 na mtu anayenijua.

Tena huyo sista huhesabu vidonge! Mwaka jana niliacha dawa wiki mbili kwa kuwa najisikia mzima. Akavimwaga vilivyobaki kiganjani, akahesabu kimoja kimoja, akanitazama tu. Miaka yote ile nilivyowatazama watoto wasiofanya kazi ya nyumbani, sasa zamu yangu. Sijarudia.

Hospitali kubwa siidharau. Macho yalipoanza kuona ukungu, hao hao wa kituoni ndio walioniandikia rufaa, nikaenda.

Halafu miguu. Wataalamu wanataka mtu atembee angalau dakika 150 kwa wiki. Mimi kwenda sokoni na kurudi ni saa nzima, na kurudi kwenyewe ni mlima, kapu la viazi kichwani. Kwenu ningetembea wapi, sebuleni? Mjukuu wangu angeniwekea katuni hadi jioni.

Chumvi nimepunguza mpaka baba yako anaficha kichupa chake kwenye mfuko wa koti. Kliniki hataki kwenda, eti bora asijue, maana dawa ya presha ukianza huachi. Huyo mpigie wewe, mimi nimeshindwa. Mpigie asubuhi, kabla hajaenda kwenye bao.

Nauli uliyotuma nimenunulia raba. Za zamani kidole kilikuwa kinachungulia nje, na njia ya kituoni ina matope kipindi hiki.

Mama yako